Wembe, Utepe na Mwangwi: Namna ya Kurekodi Jazi ya Ambienti kwa Mbinu za Wakongwe

Tarehe 18 Februari 1969 wanamuziki wanane waliingia studio ya kampuni ya Columbia jijini New York, wakapiga kwa siku moja, wakarudi makwao. Miles Davis alikuwa na tarumbeta, Wayne Shorter saksafoni ya soprano, Dave Holland besi, Tony Williams dramu. Vinanda vya umeme vilikuwa na wapigaji watatu: Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul. John McLaughlin, mpiga gitaa, ndiyo kwanza alikuwa ametua kutoka Uingereza mwezi huohuo. Walichokiacha kwenye utepe hakikuwa albamu bado. In a Silent Way, iliyotoka Julai mwaka huo, ilizaliwa baadaye, pale prodyuza Teo Macero alipoukalia utepe ule kwa wembe.

Albamu hiyo ina dakika 38 hivi, lakini muziki uliopigwa kweli ni wa dakika 28 tu. Zinazobaki ni marudio. Dakika 6 za mwanzo wa “Shhh/Peaceful” zimenakiliwa na kuungwa mwishoni mwake. Dakika 4 za wimbo uliobeba jina la albamu zinafungua upande wa pili wa sahani na zilezile zinaufunga. Wanamuziki hawakupiga tena. Ni sauti ileile na pumzi ileile, na bado msikilizaji hajihisi kupunjwa, kwa sababu anachosikia ni umbo: kuondoka na kurejea.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kurekodi jazi ya ambienti, yaani jazi ya polepole isiyo na haraka ya kufika popote, inayojali sauti inavyotanda kuliko ufundi wa vidole. Walioianzisha waliichukulia mashine ya kunasa sauti kama mpigaji mmoja zaidi katika bendi. Mashine zao zilikuwa chache na nzito. Wewe una simu yenye uwezo ambao studio za wakati ule hazikuwa nao, na huenda hilo ndilo tatizo: unaweza kufanya kila kitu, kwa hiyo hujui uanzie wapi.

Jazi inayozungumzwa hapa ni ya Marekani pamoja na matawi yake ya Ulaya, si dansi la Morogoro Jazz wala Western Jazz. Mbinu zenyewe hazichagui chombo, na mpiga gitaa wa Sinza au mpiga nzumari wa Lamu anaweza kuzifuata. Vinavyohitajika ni simu mbili, au simu na kompyuta. Programu ya bure kama Audacity. Na hedifoni za waya. Za bluetooth ziache, maana huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo utakuharibia kila tabaka utakaloongeza juu ya lingine.

Anza na wembe. Walimu wengi wa mtandaoni huanza na mwangwi kwa kuwa unapendeza haraka, lakini aliyezoea kukata atajua baadaye ni wapi mwangwi unahitajika. Rekodi mpigo mrefu bila kusimama, usiopungua dakika 20. Kabla ya kuanza mkubaliane mambo mawili tu: noti ya msingi na kasi. Zawinul aliuandika “In a Silent Way” ukiwa na kodi nyingi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Miles akaziondoa, wimbo ukabaki umeelea karibu juu ya noti moja ya chini. Uamuzi huo una faida kubwa kwa mkataji. Kodi zisipohama, dakika ya 3 inaweza kuungwa na dakika ya 17 bila mtu kushtuka. Vilevile katika “Shhh/Peaceful” Tony Williams anashikilia mdundo mmoja wa haraka kwenye hi-hat tangu mwanzo hadi mwisho, na mdundo huo ndio unaoficha viungo.

Kisha acha rekodi ilale usiku mmoja. Kesho yake isikilize ukiwa na kalamu, uandike dakika na sekunde za kila mahali ambapo jambo lilitokea bila kupangwa: besi ilipokosea ikapata njia nzuri zaidi, mpulizaji alipovuta pumzi, au wote waliponyamaza kwa pamoja. Hivyo ndivyo vipande vyako. Vingine vyote, hata vile vilivyopigwa kwa ustadi, ni akiba.

Katika kukata, mafundi wa utepe walikuwa na kanuni ambazo hazijazeeka. Walikata kwa mshazari, mara nyingi digrii 45, ili sauti ya kwanza itoke taratibu huku ya pili ikiingia. Utepe uliokwenda kwa sentimita 38 kwa sekunde ulifanya sentimita moja iwe na thamani ya takriban milisekunde 26, kwa hiyo mshazari ule ulikuwa mpishano mfupi mno, lakini ulitosha kuondoa mlio wa “tik” kwenye kiungo. Kwenye kompyuta weka mpishano wa milisekunde 10 hadi 30 palipo na mdundo, na sekunde 2 au zaidi palipo na sauti ndefu zinazotanda. Kata kidogo tu kabla ya pigo la ngoma au mwanzo wa noti, kwa sababu pigo hulificha kovu.

Miezi sita baadaye Macero na Miles walikwenda mbali zaidi. Katika “Pharaoh’s Dance”, wimbo unaofungua albamu ya Bitches Brew iliyorekodiwa Agosti 1969, kuna mahali ambapo kipande cha karibu sekunde moja kinarudiwa mara kadhaa mfululizo, kana kwamba bendi nzima imekwama mlangoni. Jaribu mbinu hiyo mara moja katika wimbo mzima. Ikizidi hapo inakuwa mzaha.

Mafanikio makubwa zaidi ya wembe huo, kwa kipimo cha utulivu, ni “He Loved Him Madly” ya 1974, maombolezo ya Duke Ellington aliyefariki Mei mwaka huo. Wimbo huu una urefu wa nusu saa na ushei, na kwa dakika nyingi za mwanzo hakuna kinachofanana na mdundo. Ni kinanda, magitaa yanayonong’ona na nafasi kubwa katikati yao. Brian Eno, ambaye jina lake ndilo lililokuja kushikamana na muziki wa ambienti, aliandika katika maelezo ya albamu yake On Land ya 1982 kwamba wimbo huo na namna Macero alivyoutengeneza vilimpa mwelekeo. Asiye na subira ya kuusikiliza wote, akiwa na hedifoni na taa zimezimwa, pengine muziki huu si wake.

Mmoja wa wapiga ngoma katika wimbo huo ni James Mtume, na kwake kuna uzi unaomhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Miaka michache kabla, Mtume ndiye aliyewapa majina ya Kiswahili wanamuziki wa Herbie Hancock. Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa dramu Jabali, Bennie Maupin Mwile, mpiga tromboni Julian Priester Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alisomea udaktari, akawa Mganga. Hata mtu wao wa mitambo ya sauti, Billy Bonner, aliitwa Fundi. Albamu yao ya kwanza pamoja, Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya 1970. Inashangaza kwamba sahani yenye jina hilo haijulikani zaidi katika nchi zinazozungumza lugha hiyo.

Kwa anayejifunza kurekodi, somo la bendi hii limo katika albamu iliyofuata, Crossings ya 1972. Bendi ilikwisha kupiga. Prodyuza David Rubinson akampeleka Hancock kwa Patrick Gleeson, mtaalamu wa sintesaiza ya Moog, na Gleeson akaongeza sauti zake juu ya muziki uliokwisha kunaswa: mvumo wa upepo, milio isiyo na chombo, vumbi la sauti. Hancock akazipenda kiasi cha kumchukua Gleeson katika ziara. Fuata utaratibu huohuo. Maliza kupiga kwanza, kata, panga, ndipo utafute kelele za kuongeza. Na uziongeze mahali ambapo bendi imeacha uwazi, si pale inapokuwa na mengi ya kusema. Hancock mwenyewe alipitisha piano yake ya umeme katika Echoplex, kisanduku chenye utepe mfupi unaozunguka na kurudisha kila noti baada ya muda mfupi. Mwangwi huo hakuutumia kama pambo. Alisubiri mwangwi urudi, akaujibu.

Tenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa nzima, baada ya muda unaoweza kuupima. Mvumo ni mkia unaobaki chumbani baada ya sauti kukatika, ukififia bila kurudia neno lolote. Kila kimoja kina mbinu zake, na jazi hii ilivipata vyote viwili kwa njia za ajabu.

Mwangwi mrefu ulipatikana Paris mwaka 1963. Terry Riley, Mmarekani wa California, alikuwa akiandaa muziki wa tamthilia ya The Gift na akawa na mpiga tarumbeta Chet Baker pamoja na wenzake, wakipiga “So What” ya Miles Davis. Riley alimweleza fundi wa redio ya Ufaransa aina ya mwangwi aliyoitaka. Fundi akaweka mashine mbili za utepe, akanyoosha utepe mmoja upite kwenye zote mbili: moja inanasa, ya pili inasoma kilichonaswa na kukirudisha katika ya kwanza, nacho kinanaswa tena juu ya kipya. Tarumbeta moja ikawa umati. Riley akaiendeleza mbinu hiyo kwa saksafoni yake katika “Poppy Nogood and the Phantom Band”, na mwaka 1972 Robert Fripp na Brian Eno wakaitumia London kwa gitaa na mashine mbili za Revox.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya umbali kati ya mashine kwa kasi ya utepe. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde na mashine zikiwa mbali kwa mita 1.9, sauti inarudi baada ya sekunde 10. Ukitaka sekunde 5, sogeza mashine karibu zaidi. Leo unaandika namba tu katika kifaa cha mwangwi ndani ya programu, lakini namba ziwe na maana. Anza na sekunde 5, marejeo yakiwa asilimia 70. Kwa kiwango hicho, baada ya duru 6, yaani nusu dakika, noti yako imebaki na takriban sehemu moja ya nane ya nguvu yake. Halafu punguza sauti kali za juu ndani ya marejeo hayo, si katika sauti ya asili, kwa sababu utepe hupoteza ukali kidogo kila unapopita, na upotevu huo ndio unaofanya noti za zamani zionekane ziko mbali zaidi. Bila hatua hii mwangwi wa kompyuta unasikika kama kasuku.

Katika kupiga, ujue kwamba lolote utakalotoa litakuwa nawe kwa nusu dakika. Toa noti tatu, nyamaza, sikiliza zinavyorudi, ndipo uchague ya nne. Ukikosea, usisimame. Irudie noti hiyo kwa makusudi mwangwi unaporudi, na msikilizaji ataamini ulipanga.

Mvumo wa ajabu kuliko wote ulitokana na bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chumba cha mazoezi cha Choreographers’ Workshop huko New York, Tommy “Bugs” Hunter, mpiga dramu wa kiongozi wa bendi Sun Ra aliyekuwa pia mnasa sauti wake, aligundua kwamba akichukua waya kutoka tundu la kutolea sauti la mashine na kuurudisha katika tundu la kuingizia, muziki unazama katika mvumo mkubwa, na kwamba angeweza kuuongoza kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti. Alihofia bosi wake atakasirika. Sun Ra alifurahi. Matokeo yamo katika Cosmic Tones for Mental Therapy, iliyotolewa 1967: kinanda na saksafoni zinasikika kama ziko chini ya kisima, huku mvumo ukivimba na kunywea katikati ya muziki bila adabu.

Ukiwa na mikisa ndogo, kifaa cha kuchanganyia sauti, unaweza kufanya hivyohivyo, kwa tahadhari. Vua hedifoni kwanza, shusha kila kitufe, ndipo urudishe waya na kupandisha taratibu. Mzunguko wa namna hiyo unaweza kupiga yowe ghafla na kuumiza masikio au kuunguza spika. Ukishaujua mpaka wake, mpe mtu mmoja kazi ya kuuendesha tu wakati wenzake wanapiga, kama Hunter alivyofanya. Mvumo unaobadilika kwa mkono wa mtu una uhai ambao programu iliyowekwa namba moja mwanzo hadi mwisho haitaupata.

Wapo waliotafuta mvumo katika majengo. Aprili 1968 Paul Horn, mpiga filimbi wa jazi aliyewahi kuwa katika kikundi cha Chico Hamilton, aliingia Taj Mahal nchini India na kupiga peke yake chini ya kuba. Mvumo wa humo hutajwa kuwa wa sekunde 28. Katika rekodi hiyo, iliyouzwa kwa jina la Inside, sauti ya mlinzi wa pale nayo inasikika ikipanda kubani. Sikiliza jinsi Horn anavyochagua noti: moja haijafa, nyingine inaikuta hewani, kwa hiyo filimbi isiyoweza kupiga kodi inapiga kodi.

Huhitaji Taj Mahal. Ngazi za zege za ghorofa, ukumbi wa shule usio na viti, gereji ya chini ya jengo siku ya Jumapili, vyote vinafaa. Omba ruhusa, nenda alfajiri kabla ya bodaboda na jenereta, piga kofi moja na uhesabu. Mkia ukifika sekunde 3 una chumba kizuri. Ukizidi 6, tumia noti tano tu zinazopatana. Usiingie ndani ya tangi lililofungwa, hata kama mvumo wake unakuvutia, kwani hewa yake inaweza kuua. Simu ya kwanza iwe mita 1 kutoka kwenye chombo, ya pili mita 8. Baadaye utachanganya hizo mbili: ya karibu inabeba noti, ya mbali inabeba jengo. Ya mbali itachelewa kwa milisekunde 20 hivi. Usiisogeze ili zilingane, maana kuchelewa huko ndiko sikio linakotambua umbali.

Kuhusu kurundika matabaka, historia ni ndefu kuliko ile ya utepe katika studio za Marekani. Mwaka 1941 Sidney Bechet alirekodi “The Sheik of Araby” akipiga vyombo sita peke yake, kwa kunakili kutoka sahani moja kwenda nyingine, na kila nakala ikizidi kufifisha yaliyotangulia. Mwaka 1955 Lennie Tristano, mpiga piano kipofu wa New York, alirundika mistari ya piano yenye hesabu tofauti katika “Turkish Mambo”, na katika “Line Up” alicheza na kasi ya utepe. Wakosoaji wakamshambulia kwa udanganyifu. Walikosea, alichofanya kilikuwa utunzi. Wewe jaribu hivi: punguza kasi ya rekodi ya mdundo iwe nusu, piga juu yake taratibu, kisha rudisha kasi ya kawaida. Sauti itapanda oktava moja na kupata ukali wa ajabu. Ukifanya kinyume, noti moja ya kengele itageuka kuwa wingu zito.

Bill Evans alirekodi piano tatu juu ya nyingine katika Conversations with Myself mwaka 1963 na kupata tuzo ya Grammy. Aliporudi kwenye mbinu hiyo mwaka 1967 alitumia piano mbili tu. Fuata uamuzi wa pili. Tabaka la kwanza liache mapengo makubwa, kiasi cha kukutia aibu ukilisikiliza peke yake.

Sauti za nje nazo zina nafasi, ila si kila ndege anafaa. Jan Garbarek, Mnorwei, alifanya vizuri katika Dis, iliyorekodiwa Desemba 1976 kwa lebo ya ECM ya Munich: sauti ya kinubi kinachopigwa na upepo wa pwani ya Norwei inabeba wimbo, na saksafoni yake inafuata upepo huo badala ya kuutumia kama pazia la nyuma. Ukinasa mawimbi ya Bagamoyo, chombo chako kiyafuate mawimbi. La sivyo umetengeneza tangazo la hoteli.

Kazi ikifika kwenye kuchanganya, shusha kila kitu kisha pandisha kimoja kimoja, na uache tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa. Kishawishi cha kuibana rekodi nzima ili isikike kwa nguvu kwenye spika ya simu kitakujia, kikatae. Muziki huu unaishi katika sauti ndogo.

Jambo la mwisho ni la kutunza. Hifadhi rekodi ghafi mahali pawili tofauti, ukiandika tarehe na majina ya waliopiga, na usifute chochote kwa kuwa umekwisha kupata toleo zuri. Kampuni ya Columbia iliziweka tepu za vikao vya In a Silent Way, na mwaka 2001 zikatolewa katika seti ya sahani tatu zenye hata yale ambayo wembe wa Macero uliyaacha nje. Tafuta seti hiyo, usikilize kwanza toleo lisilokatwa la “Shhh/Peaceful”, halafu lile la albamu, kabla hujafungua programu yako.